Mama Mapazia na Vita vya Vyuma Vitatu

Kaeni vizuri, enyi mabwana na mabibi. Mwenye kikombe na akitue, mwenye simu na aigeuze kifudifudi, na aliyesimama mlangoni aamue moja, kuingia au kutoka, maana habari hii haitaki upepo. Nimekuja kusimulia vita. Si vile vya wafalme, ambavyo vimekwisha kupata waandishi wa kutosha na masanamu ya kutosha, bali vile vilivyopiganwa tangu Jumanne alasiri hadi Ijumaa jioni ndani ya kifua cha mwanamke mmoja mshona mapazia, juu ya swali ambalo limewatoa jasho wanaume wenye ndevu zao: kisu cha porini kiwe cha chuma gani?

Huyo ndiye Mama Mapazia, bingwa wa pindo, mshinda madirisha, ambaye vidole vyake vilikuwa vimechomwa na sindano mara nyingi hata vikaacha kulalamika. Alikuwa na miaka hamsini na sita, cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, na chumba cha kazi kilichoelekea barabarani, ambamo vitambaa vilipangwa mpaka darini. Katika maisha yake yote hakuwahi kulala nje ya nyumba yenye paa. Porini alipajua kwa sura tu, kupitia dirisha la basi, na hata hapo aliangalia zaidi pazia la dirisha.

Basi ikawa, siku ya Jumanne, saa tisa alasiri, shujaa wetu akiwa amezama hadi viwiko katika mapazia ya zahanati, simu ikalia mlio mfupi. Akaichukua, akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

“Dada, Jumamosi napanda mlimani, tutalala usiku mmoja. Ukitaka twende. Njoo na kisu, changu kimepotea.”

Ujumbe huo ulitoka kwa mdogo wake wa kike, aliyewahi kushona kwenye cherehani ya pili na ambaye sasa alikuwa askari wa misitu, mlinzi wa mivule na mitiki, aliyeishi mwendo wa saa tatu kwa basi. Na ili mjue uzito wake, lazima niwaambie jambo moja. Ndugu hawa wawili walikuwa hawajazungumza vizuri kwa miaka minne. Hawakugombana kwa makelele. Ilikuwa ile hali ya kutumiana salamu za sikukuu na kuulizana afya, kisha kimya, kama watu waliokutana kwenye foleni. Siku ile mdogo alipohitimu mafunzo ya uaskari, akavikwa sare na kuitwa jina lake mbele ya umati, kiti cha dada yake katika mstari wa mbele kilikaa kitupu kutoka mwanzo hadi mwisho. Dada alikuwa amesema ana madirisha arobaini na mawili ya hoteli. Na tangu siku ile, miaka minne, mdogo hakuwa ameomba kitu chochote, hata chumvi.

Leo alikuwa ameomba kisu.

Mama Mapazia akasimama, akaizima pasi, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya tetemeko la ardhi, akatangaza kwa sauti iliyowafikia wapita njia: “Nitampelekea kisu! Wala si kisu hivihivi!”

Mume wake alikuwa wa kwanza kushauriwa. Huyu alikuwa mpima malori kwenye mizani ya barabara kuu, mtu mpole aliyeamini kwamba kila jambo duniani lina uzito wake na kwamba uzito huo kwa kawaida ni mdogo kuliko watu wanavyosema. Akaweka kijiko chini, akahutubia, akasema:

“Mke wangu, mimi kwa siku moja napitisha malori mia mbili, na kila dereva anakuja na hadithi. Nikishapima, hadithi inaisha. Kisu ni kisu. Kwenye droo ya jikoni vimo sita. Chukua kimoja, kifunge kwenye gazeti, uende zako ukamwone mdogo wako.”

“Cha jikoni?” Mama Mapazia akajibu, na pua zikamtanuka kama za farasi anayesikia ngoma. “Miaka minne, mume wangu. Miaka minne mtoto yule hajaniomba kitu. Leo ananiomba, halafu nimtokee na kisu cha vitunguu kimefungwa kwenye kurasa za michezo?”

Mume akachukua kijiko chake. Alikuwa anajua lori lililozidisha uzito akiliona.

Siku ya pili, Jumatano, aliingia uwanjani jirani yao, mkuu wa walinzi wa benki, ambaye mtaa mzima ulimwita Kamanda. Huyu alikuwa na kisu cha porini, tena kikubwa, chenye meno ya msumeno mgongoni na dira ndogo kwenye kitako cha mpini. Katika miaka kumi na moja ya utumishi wake kisu hicho kilikuwa kimekata keki mara mbili na kamba ya kuanikia nguo mara moja. Kamanda alikileta juu ya mikono miwili, kama anayeleta mtoto kubarikiwa, akasimama katikati ya chumba cha kushonea, akanguruma:

“Jirani! Sikiliza maneno ya mtu mzima! Viko vyuma vingi, lakini chuma ni hiki, kisichoshika kutu! Kitupe kwenye maji ya chumvi, kiache kwenye mvua, kisahau mwaka mzima, ukirudi utakikuta kinang'aa kama meno ya bwana harusi! Adui wa askari si simba, jirani. Ni kutu!”

“Na makali?” akauliza Mama Mapazia, ambaye hata katika shida masikio yake hayakuacha kazi.

“Makali yapo,” akasema Kamanda, na kwa mara ya kwanza akashusha sauti. “Ya kawaida.”

Mama Mapazia akakipitisha kwenye kipande cha kitambaa cha bitana. Kitambaa kikakunjamana, kikasogea, kikakataa. Kamanda alisema kosa ni la kitambaa.

Alipoondoka, shujaa wetu alifanya lile linalofanywa na watu wote waliopotea njia: akafungua simu, akaanza kusoma. Alisoma wakati pasi ikipata moto na wakati ikipoa. Akagundua kwamba wanaume wa dunia nzima wamekaa huko ndani wakigombana juu ya vyuma, wakitukanana kwa herufi na namba, mmoja akimwita mwenzake mjinga kwa sababu ya asilimia moja ya madini fulani. Huyu anasema chuma kigumu hakipotezi makali. Yule anajibu kwamba kigumu mno kinamegeka kama biskuti. Wa tatu anasema wote wawili hawajawahi kutoka sebuleni. Kufikia jioni Mama Mapazia alikuwa anajua mengi, na kila alichokijua kilikuwa kimekipinga kile alichokijua kabla yake. Katika hali hiyo, nasikitika kuyaandika haya lakini historia haina huruma, alishona pazia la chumba cha daktari kichwa chini miguu juu, maua yakining'inia kama popo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu alipokuwa mwanafunzi. Akafumua mishono yote huku akiuma midomo.

Alhamisi akavaa viatu vya kutokea, akachukua mkoba, akaishukia ngome yenyewe.

Ngome hiyo lilikuwa duka la vifaa vya safari, lililobanwa kati ya duka la dawa na kibanda cha fundi viatu, lenye mahema yaliyotundikwa darini na ndoano za samaki katika vichupa. Mwenye duka alikuwa mzee mwembamba mwenye koti la kazi la kijivu na kalamu sikioni. Aliisikiliza haja ya mgeni. Akatandika kitambaa cha kijani juu ya kaunta, akavilaza juu yake visu vitatu, kimoja baada ya kingine, vyote vya kukaa kwenye ala, visivyokunjwa. Akakohoa, akaanza kuvisoma kama anayesoma ukoo wa masultani:

“Mama, umefika. Huyu wa kwanza ni chuma kisichoshika kutu. Mtiifu, msafi, hana maneno. Anamfaa mtu mvivu. Huyu wa pili, shikamoo yake, ni chuma cha unga: madini yamesagwa yakawa vumbi, yakashindiliwa kwa moto yakarudi kuwa chuma. Akishanolewa, anakata miezi na miezi. Nikikueleza bei yake kwanza ukae. Na huyu wa tatu ni kaboni, chuma cha kizamani. Makali yake ni wembe, tena mkali kweli, lakini ukimwacha na unyevu siku moja tu, kesho ana madoa. Anataka mtu.”

Mama Mapazia akatazama. Kile cha unga kilikuwa cha kijivu kama mawingu, kizuri mno, na mpini wake ulimkaa mkononi kana kwamba ulimngoja. Akaona mdogo wake akikipokea. Akaona macho ya mdogo wake yakifunguka. Kisha akasikia katika kumbukumbu ile sauti ya simuni ikisema kwamba kinamegeka, na sauti ya Kamanda ikisema kutu, na sauti ya mume wake ikisema droo.

“Mama?” akasema mwenye duka.

“Nitarudi,” akasema Mama Mapazia.

Akatoka mbio. Waandishi wengine wangeita tendo hilo kukimbia. Mimi, niliyechunguza mambo kwa makini, naliita kujipanga upya, ingawa ni kweli kwamba alijipanga upya mpaka kituo cha basi bila kugeuka nyuma, na kwamba alipofika nyumbani alikaa juu ya robota la kitambaa na kulia kidogo.

Mume wake akamkuta hapo. Hakuhutubia. Akakaa kando yake.

“Si kisu, sivyo?” akasema.

“Nikikosea na hiki,” akasema Mama Mapazia, “ataona hata kisu nimeshindwa kumletea. Siku ya sare kwenda sikwenda. Kisu nacho kiwe kibaya?”

Mume akafikiri sana. “Kwenye mizani,” akasema mwishowe, “dereva anayeogopa ndiye anayepimwa mara tatu. Uzito haubadiliki.” Akamletea chai.

Ndipo ikafika Ijumaa, siku ya siku. Jua lilikuwa limeshapita utosini na mapazia ya zahanati yalitakiwa kabla ya jioni. Mama Mapazia alikuwa anakata pazia la mwisho pale mkasi wake ulipoanza kutafuna kitambaa badala ya kukikata. Akauacha. Bila kufikiri, macho yake yakiwa bado dirishani, akavuta droo, akatoa kinoo, akakidondoshea mafuta ya cherehani, akaanza kunoa, shwa, shwa, shwa, upande huu saba, upande huu saba, huku akiimba puani wimbo usio na maneno. Akafuta. Akajaribu kwenye uzi. Uzi ukakatika kabla haujajua.

Hapo akasimama kama aliyepigwa na umeme.

Akautazama mkasi ule. Ulikuwa mweusi, mzito, wa kizamani, aliununua alipoanza kazi. Siku moja ya mvua nyingi aliusahau dirishani, ukashika kutu, akaisugua asubuhi nzima. Tangu hapo, kila jioni kwa miaka thelathini na moja, kabla ya kufunga mlango, alikuwa akiupangusa na kuupaka mafuta, bila kuona kwamba anafanya kazi yoyote. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba anajua vyuma. Naye hakuwahi kujiambia.

“Anataka mtu,” akasema kwa sauti. “Mtu si mimi hapa?”

Akaliacha pazia mezani, likiwa nusu pazia na nusu kitambaa, akatoka na vumbi la chaki mikononi, na kinoo mfukoni mwa aproni. Ilikuwa saa kumi na moja kasorobo, na duka lilifungwa saa kumi na moja. Enyi wasikilizaji, laiti mngemwona! Alizivuka barabara mbili. Alimpita muuza magazeti, akampita mtu wa baiskeli, akaingia dukani kifua mbele, na hapo akasimama ghafla. Mbele ya kaunta alikuwako bwana mmoja mrefu aliyevaa koti la mvua, na mkononi mwake, akikigeuza huku na huku kwenye mwanga, alikuwa na kisu cha kaboni. Kile kile. Na juu ya rafu hakikuonekana kingine.

Mama Mapazia akavuta pumzi hadi visiginoni.

“Bwana mwenye koti!” akasema, na ndoano zikatikisika katika vichupa vyake. “Sikujui, wala hunijui, na huenda wewe ni mtu mwema mwenye watoto. Lakini kisu hicho ulichokishika nimekitafuta tangu Jumanne. Kwa ajili yake nimegombana na droo ya jikoni, nimeikataa dira, nimeshona maua kichwa chini. Kinakwenda kwa mdogo wangu, ambaye nilimlea kwa mikono hii tangu mama yetu alipofariki, na ambaye ana haki ya kunikasirikia. Kama unakitaka, sema sasa hivi, tuzungumze kama watu wazima, maana sitoki humu bila hicho!”

Mwenye koti akamtazama, akakitazama kisu, akakilaza taratibu juu ya kitambaa cha kijani.

“Nilikuwa naangalia tu, mama,” akasema. “Mimi nimefuata betri.”

Akapewa betri zake, akaondoka kwa adabu, akitembea kinyumenyume hatua tatu za kwanza.

“Nahitaji kukijaribu,” akasema Mama Mapazia, akitoa kinoo mfukoni.

“Bidhaa hainolewi dukani, mama.”

“Kikiisha makali mlimani, utakuja kukinoa wewe?”

Mzee akafikiri, akaitoa kalamu sikioni, akairudisha. Mama Mapazia akakinoa mara saba huku, saba kule. Chuma kiliitikia. Ndiyo, kiliitikia, kila mwenye kunoa anaijua sauti ile, chuma kinapokubali jiwe. Akauchomoa uzi kwenye pindo la aproni yake, akaugusisha. Ukakatika. Mwenye duka, ambaye alikuwa ameuza visu maisha yake yote kwa watu wanaoongea, akainama akaangalia makali, kisha akamwangalia mnoaji.

“Lakini kitashika kutu,” akasema, si kwa kupinga, bali kama anayekabidhi.

“Chenyewe kishike kutu,” akajibu Mama Mapazia, “nami nitashika mafuta.”

Na hivyo ndivyo kilivyotwaliwa kisu cha kaboni, chenye urefu wa kiganja kimoja, mpini wa mti, na ala ya ngozi ya kahawia.

Jumamosi asubuhi, chini ya mlima, mdogo alikuwa anamngoja kwenye kibanda cha askari, na sare yake imepigwa pasi. Walisalimiana. Wakaulizana afya. Wakaanza kupanda, mdogo mbele, dada nyuma, na kwa saa mbili hawakuzungumza juu ya kitu chochote kisichoota wala kuruka. Mama Mapazia alikuwa ametayarisha hotuba ndefu juu ya vyuma, yenye sehemu tatu na hitimisho. Lakini viatu vyake vipya vilikuwa na hotuba yao, na kwenye jiwe moja pana akakaa chini akashindwa kuinuka.

“Hebu,” akasema mdogo. Akapiga magoti, akamvua dada yake kiatu na soksi. Kisigino kilikuwa kimevimba lengelenge kama kifungo cha koti. Akatoa utepe wa plasta kwenye mkoba. “Kisu kiko wapi?”

Mama Mapazia akakitoa kwenye ala. Mdogo akakipokea, akakipima mkononi, akapitisha kidole gumba kwa upana kwenye makali kama wafanyavyo wanaojua. Akakata kipande cha plasta, kikakatika bila kuvutika hata uzi mmoja. Akazikata pembe zake ziwe mviringo, kona moja, kona ya pili.

“Umekinoa wewe.”

“Mimi.”

“Inaonekana.”

Akabandika plasta, akaikandamiza kwa kiganja, na hakuondoa kiganja hicho haraka. Ile hotuba ya sehemu tatu ikamtoka Mama Mapazia kichwani ikaenda isikorudi, na badala yake likaja jambo jingine.

“Siku ile ya sare,” akasema. “Madirisha yalikuwa yamekwisha tangu jana yake.”

Mdogo akaendelea kuikandamiza plasta.

“Niliogopa, mdogo wangu. Nilijua nikikuona umevaa zile nguo, hutarudi tena kwenye cherehani. Nikakaa ndani nikapiga pasi mapazia yaliyokwisha kupigwa pasi. Nisamehe.”

Mdogo akakaa juu ya mawe, mguu wa dada yake mapajani mwake.

“Mimi nilidhani unanionea aibu,” akasema. “Mwanamke kukimbizana na wezi wa magogo.”

“Aibu? Picha yako iko ukutani juu ya meza ya kukatia. Kila mteja namweleza. Wengine wameacha kuja.”

Mdogo akacheka kwanza puani, kisha kwa mdomo wote, mpaka akalazimika kukiweka kisu juu ya jiwe ili asijikate. Kisha akakirudisha kwenye ala, na ala akaifunga kwenye mkanda wake mwenyewe. Dada akaona.

Walilala mlimani. Walishuka Jumapili, polepole kwa ajili ya kisigino, wakibishana njia nzima kuhusu jambo ambalo nimeshindwa kulithibitisha, ila inasemekana lilihusu namna ya kuchemsha chai. Na kwenye kituo cha basi, saa nne na dakika ishirini, Mama Mapazia akanyoosha mkono kuomba kisu.

“Nitakaa nacho,” akasema mdogo, “mpaka safari nyingine.”

“Nyingine lini?”

“Mwezi ujao. Ununue viatu vya maana.”

“Kipake mafuta kila jioni.”

“Najua, dada.”

“Hata kama hakijafanya kazi.”

“Panda basi, dada.”

Na iandikwe, kwa wino usiofutika, katika vitabu vya watu wote: kwamba mnamo Jumapili hiyo, mbele ya kondakta mmoja na abiria kumi na wanne wasiojua wanachokishuhudia, mshona mapazia mmoja alinyang'anywa silaha yake mchana kweupe, akapanda basi mikono mitupu, akachechemea hadi kiti cha dirishani, na kwa mwendo wote wa saa tatu hakuligusa pazia wala kulikagua pindo lake, bali alitazama mlima mpaka ulipoisha.